Ugiriki au Roma: uanze na upi ukitaka kuelewa misingi ya ustaarabu wa Magharibi?

Vitabu vya shule hutaja Ugiriki na Roma kwa pumzi moja, na msomaji hubaki akidhani ni taifa moja lenye majina mawili. Hizi ni jamii mbili zilizokuwa na lugha mbili, sheria tofauti, na namna tofauti kabisa ya kumtazama mgeni aliyeingia mjini. Kila moja ina maandishi ya kumtosha mtu kusoma maisha yake yote, kwa hiyo anayeanza lazima achague pa kushika kwanza.

Ushauri wetu tunautoa mapema: anza na Roma, isipokuwa kama unachokitafuta hasa ni falsafa, hisabati au tamthilia. Ukitafuta hayo matatu, anza na Ugiriki. Tunasema Roma kwa sababu mengi ya Kirumi bado yako mkononi mwako. Herufi unazosoma sasa ni za Kilatini, miezi kuanzia Januari hadi Desemba ni ya Kirumi, na mkataba unaosainiwa Kinshasa au Bujumbura umejengwa juu ya fikra za mawakili wa Roma. Ya Kigiriki yamezama ndani zaidi, katika namna ya kuuliza na kuthibitisha, na ni rahisi kuyafikia ukishajua nani aliyeyabeba mpaka Ulaya ya magharibi.

Kabla ya kulinganisha, weka mipaka ya nyakati, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Ugiriki inayosifiwa katika siasa ni Athens ya kati ya 508 KK na 322 KK, mji-dola mmoja kati ya mamia. Ugiriki ya sayansi kwa sehemu kubwa ni Alexandria ya Misri, baada ya kifo cha Aleksanda Mkuu mwaka 323 KK. Roma nayo ina vipindi viwili: jamhuri, inayohesabiwa kwa mapokeo tangu 509 KK hadi 27 KK, kisha dola ya makaisari, ambayo upande wa magharibi ilianguka mwaka 476 BK na upande wa mashariki ikadumu Constantinople hadi 1453. Mtu akikuambia kwamba "Warumi walikuwa na demokrasia", muulize anazungumzia karne gani.

Utawala: bahati nasibu dhidi ya vyeo vinavyozuiana

Mwaka 508 KK mwanasiasa Cleisthenes aliwagawa raia wa Athens katika makabila 10 mapya. Kila kabila lilichanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara, ili koo kubwa za zamani zisiweze kutawala eneo lake peke yake. Kila kabila lilitoa watu 50 kwa mwaka, wakapatikana wajumbe wa Baraza la Watu 500, na wajumbe hao walipatikana kwa bahati nasibu. Waamuzi wa mahakama pia. Raia 6,000 waliandikishwa kila mwaka, na asubuhi ya kesi kibao chenye jina la kila aliyefika kilichomekwa katika jiwe lenye safu za matundu. Gololi nyeupe na nyeusi zilizodondoshwa kupitia mrija ziliamua safu ipi inakaa na ipi inarudi nyumbani. Aliyetaka kuhonga hakujua amhonge nani.

Waathene walikuwa na sababu ya kuamini bahati nasibu. Waliona kwamba kura ya kumchagua mtu humpendelea tajiri na mwenye jina. Walipiga kura za namna hiyo pale tu palipohitajika ujuzi, hasa kwa majenerali 10 wa kila mwaka, na ndiyo njia iliyomweka Pericles madarakani miaka mingi. Kwa kipimo chao, nchi inayowachagua viongozi wote kwa uchaguzi mkuu isingeitwa demokrasia kamili. Jambo hili huwashtua wengi, lakini ukilikosa utasoma historia ya siasa za Magharibi ukiwa umeikalia kinyume.

Roma ilikwenda njia nyingine. Makonsuli wawili, wakuu wa serikali, walishika madaraka kwa mwaka mmoja, na kila mmoja aliweza kumzuia mwenzake. Watetezi wa raia wa kawaida, ambao cheo chao kinahesabiwa tangu 494 KK, waliweza kusimamisha uamuzi wa mkubwa yeyote. Hapo ndipo ilipotoka kura ya turufu. Seneti, kwa muda mrefu watu wapatao 300, iliongoza fedha na mambo ya nje. Na kura za Warumi hazikuwa sawa. Katika mkutano uliochagua makonsuli, raia walipangwa kwa mali katika makundi 193, kila kundi kura moja. Kwa mpangilio wa awali, wapanda farasi na tabaka la kwanza walikuwa na makundi 98, kwa hiyo matajiri wakikubaliana, mambo yalikwisha kabla maskini hawajaitwa.

Walioandika katiba ya Marekani mwaka 1787 walizijua njia zote mbili, na kwa makusudi wakaichagua ya Roma: Seneti, kura ya turufu ya rais, vyombo vinavyozuiana. Walipotetea katiba hiyo magazetini, Hamilton, Madison na Jay walitumia jina la Kirumi, Publius, na Madison aliandika wazi kwamba mkutano wa raia wote kama wa Athens huzaa vurugu. Ndiyo maana Kenya, Burundi, Rwanda na Kongo zina baraza linaloitwa Seneti, na hakuna nchi hata moja kati ya hizo inayopata wabunge wake kwa gololi.

Fundisho hilo la vyombo kuzuiana Wamarekani hawakulipata kwa Warumi peke yao. Aliyelieleza vizuri kuliko wote alikuwa Mgiriki, Polybius, aliyepelekwa Roma kama mateka mwaka 167 KK na akaandika kwa Kigiriki kwa nini mfumo wa watekaji wake ulikuwa imara. Hali hii ya kitu cha Kirumi kuelezwa kwa kalamu ya Kigiriki utakutana nayo tena na tena.

Uraia: hapa Roma iko mbali sana

Tukitakiwa kutaja tofauti moja tu, tungetaja hii. Mwaka 451 KK Pericles alipitisha sheria kwamba raia wa Athens ni yule ambaye baba na mama wote wawili ni Waathene. Wanawake hawakupiga kura, watumwa hawakuhesabiwa, na wageni wakazi walilipa kodi maalumu, wakapigana vitani, na bado hawakuruhusiwa kumiliki ardhi. Aristotle mwenyewe, aliyetoka Stagira kaskazini, aliishi na kufundisha Athens miaka mingi kama mgeni.

Roma nayo ilikuwa na watumwa wengi na iliteka kwa ukatili, hilo lisifunikwe. Lakini mtumwa aliyeachwa huru kwa utaratibu rasmi na raia wa Kirumi alikuwa raia yeye mwenyewe, na watoto wake waliweza kugombea vyeo. Mwaka 48 BK Kaisari Claudius alisimama katika Seneti kutetea Wagalia waingizwe humo, na kwa maelezo ya mwanahistoria Tacitus alisema Sparta na Athens ziliangamia kwa sababu ziliwaweka kando kama wageni watu zilizowashinda vitani. Sehemu ya hotuba hiyo ipo hadi leo kwenye bamba la shaba mjini Lyon. Mwaka 212 BK Kaisari Caracalla akawapa uraia karibu watu wote huru ndani ya dola. Baba yake, Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo. Msomaji wa Matendo ya Mitume anaijua hali hii kutoka sura ya 22: jemadari anasema aliununua uraia kwa fedha nyingi, na Paulo, Myahudi wa Tarso anayezungumza Kigiriki, anajibu kwamba yeye ni raia wa kuzaliwa.

Kuhusu utumwa, linganisha maneno yao, kwa kuwa yalitumika baadaye kuumiza watu halisi. Aristotle alidai kwamba wapo watu walioumbwa kuwa watumwa. Hoja hiyo ilifufuliwa Valladolid, Hispania, mwaka 1550 na 1551, mwanazuoni Sepúlveda alipotetea kutiishwa kwa wenyeji wa Amerika. Mwanasheria wa Kirumi Florentinus aliandika kwamba utumwa ni desturi ya mataifa inayomweka mtu chini ya mwingine kinyume cha maumbile. Roma haikuwaacha huru watumwa wake kwa sababu ya sentensi hiyo, lakini sentensi ilibaki ndani ya kitabu cha sheria kikisubiri wasomaji wengine. Anayesoma Wagiriki kwa sifa tu, bila kukutana na ukurasa huo wa Aristotle, hajawasoma.

Sheria: hapa hakuna mashindano, ila kwa baharini

Athens haikuwa na mawakili wa kitaaluma. Mshitakiwa alijitetea mwenyewe, mara nyingi kwa hotuba aliyoandikiwa na mtu kama Lysias kwa malipo, na waamuzi mia kadhaa walipiga kura bila kutoa sababu. Socrates alihukumiwa hivyo mwaka 399 KK, siku moja, kesi ikaisha. Hukumu isiyo na sababu haiwezi kuwa msingi wa hukumu nyingine, na ndiyo maana Athens ilituachia hotuba nzuri sana na sheria chache.

Roma iliandika Meza Kumi na Mbili mwaka 451 na 450 KK, kisha karne baada ya karne wanasheria wake wakawa wanajibu maswali mahususi: ng'ombe akila shamba la jirani, mtumwa akiuzwa na maradhi yaliyofichwa, deni likirithiwa. Gaius, katika karne ya 2 BK, alipanga yote katika mafungu matatu: watu, mali, na mashauri. Kaisari Justinian wa Constantinople akamkabidhi mwanasheria wake Tribonian kazi ya kukusanya maandishi ya wanasheria hao, na mwaka 533 ikatoka Digesta yenye vitabu 50, pamoja na Institutiones kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Magharibi Digesta ilisahaulika karne kadhaa, hadi iliposomwa upya Bologna mwishoni mwa karne ya 11. Kutoka hapo ilifika kwenye kanuni za Ufaransa za 1804, ambazo Ubelgiji ilizirithi, na Wabelgiji wakazileta Kongo, ambako amri ya 1888 ya mikataba ilifuata mfano huo, kisha Rwanda na Burundi.

Kwa hiyo mwanafunzi wa sheria achague kwa kuangalia yuko wapi. Ukiwa Kongo au Burundi, sheria ya Kirumi ni shina la kile unachosoma darasani, na kuisoma kutakuokoa muda. Rwanda shina ni hilohilo, ingawa katika miaka ya karibuni imeingiza mengi ya Kiingereza. Ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, mfumo ni wa Kiingereza, unaotegemea hukumu zilizotangulia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kwa mfano, imechipuka kutoka sheria ya India ya 1872. Hapo Roma itakupa mwanga wa pembeni tu. Ukienda Afrika Kusini au Zimbabwe utakuta sheria ya Kirumi iliyopitia Uholanzi, na majaji wa Afrika Kusini wameinukuu Digesta moja kwa moja.

Kuna mtego mmoja. Wengi hudhani kila neno la Kilatini mahakamani limetoka Roma. *Habeas corpus* (amri ya kumleta mfungwa mbele ya hakimu) na *mens rea* (nia ovu) ni Kilatini cha Uingereza ya enzi za kati, na Justinian asingeyatambua kama sehemu ya sheria yake. Ukiandika insha ukayahesabu kuwa urithi wa Roma, msahihishaji anayejua atakukata alama, na ana haki.

Upande wa bahari Ugiriki inarudi. Digesta, kitabu cha 14, inataja sheria ya Rhodes: shehena ikitoswa baharini ili kuokoa chombo, hasara inagawanywa kwa wenye chombo na wenye mizigo wote waliookolewa. Kanuni hiyo bado inatumika. Mwenye kontena Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudaiwa mchango kabla ya kukabidhiwa mzigo wake uliofika salama, kwa sababu mzigo wa mwingine ulitolewa kafara njiani. Wanaokasirika bandarini wakidhani ni wizi wa wakala wangefaidika kuijua asili yake.

Fikra, hisabati na tiba: anza na Ugiriki bila kusita

Warumi walijenga sana na kuthibitisha kidogo. Hakuna hata nadharia moja kubwa ya hisabati iliyotoka kwa mwandishi wa Kilatini wa kale. Euclid, yapata 300 KK, alianza na kauli tano za msingi akajenga juu yake vitabu 13, kila hatua ikisimama juu ya iliyotangulia. Njia hiyo ndiyo urithi wenyewe, kuliko pembetatu zake.

Somo la Kigiriki hulielewi kwa kulisoma tu, lifanye. Eratosthenes, akiwa Alexandria katika karne ya 3 KK, alijua kwamba huko Syene, Aswan ya leo, adhuhuri ya siku Jua linapofika kaskazini kabisa kijiti hakina kivuli. Siku hiyohiyo Alexandria kivuli kilionyesha pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara, yaani digrii 7.2. Umbali kati ya miji ulihesabiwa stadia 5,000, stadia ikiwa kipimo cha urefu cha Kigiriki. Zidisha mara 50, unapata mzingo wa Dunia: stadia 250,000.

Dar es Salaam na Mombasa zinafaa kurudia jaribio hili, kwa kuwa ziko karibu mstari mmoja wa kaskazini-kusini. Kila mji usimamishe kijiti cha mita 1, wima kabisa kwa timazi, juu ya sakafu iliyopimwa kwa pima maji. Siku hiyohiyo, kuanzia dakika chache kabla ya adhuhuri, pima kivuli kila dakika mbili na uchukue kile kifupi kuliko vyote. Usitegemee saa 6 kamili ya ukutani, kwani Jua halifuati saa hiyo. Gawa urefu wa kivuli kwa urefu wa kijiti, na kikokotoo kitakupa pembe kwa kitufe cha tan⁻¹. Tofauti ya pembe mbili inapaswa kuwa takriban digrii 2.75, na umbali wa kaskazini-kusini ni kama kilomita 305. Zidisha 305 kwa 360, ugawe kwa 2.75, na jibu ni karibu kilomita 40,000. Mambo mawili huharibu hesabu. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba Jua hupita utosini mahali kati ya miji hiyo, vivuli huelekea pande tofauti, na pembe inabidi zijumlishwe badala ya kutoa. La pili, pembe ni ndogo, kwa hiyo kosa la nusu digrii, kama sentimita 1 ya kivuli, hupotosha jibu kwa karibu asilimia 18. Eratosthenes alikuwa na pembe kubwa zaidi, na hilo lilimsaidia.

Katika tiba jina kubwa ni Galen, Mgiriki wa Pergamon aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2 BK. Alipasua nyani na nguruwe, akahamishia aliyoyaona kwenye mwili wa binadamu, na kwa zaidi ya miaka 1,300 madaktari wa Ulaya walirudia makosa yake, mpaka Vesalius alipochapisha alichokiona ndani ya maiti za watu mwaka 1543. Tunalitaja kwa sababu urithi wa Kigiriki ulidhuru kila ulipogeuzwa kuwa jibu la mwisho.

Na usiamini ramani inayochora mshale mmoja kutoka Athens hadi Paris. Wakati magharibi ya Kilatini ilikuwa na vipande vichache tu vya Aristotle, Baghdad ilikuwa inatafsiri. Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki 873, aliwaingiza Galen na wengine katika Kisiria na Kiarabu. Kitabu kikuu cha falaki cha Ptolemy kilitafsiriwa kutoka Kiarabu kwenda Kilatini na Gerard wa Cremona huko Toledo mwaka 1175. Wasomi wa Ulaya walimwelewa Aristotle kupitia maelezo ya mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba. Ulinganisho unaoruka karne hizi una shimo katikati.

Majengo: jinsi ya kutambua kilichoigwa

Ukiona picha ya benki, mahakama au jumba la makumbusho la Ulaya au Marekani lenye nguzo mbele, uliza kwanza kama kuna tao au kuba. Likiwepo, mkono wa Roma umepita hapo. Kisha tazama ngazi. Hekalu la Kigiriki lina vipandio vitatu kuzunguka pande zote. La Kirumi limeinuliwa juu ya jukwaa, ngazi ziko mbele tu, na nguzo za ubavuni mara nyingi zimepachikwa ukutani. Nguzo ya Kigiriki ya Doric haina kitako chini. Vichwa vya nguzo vyenye majani mengi, mtindo wa Corinth, Wagiriki waliubuni, lakini ni Warumi walioupenda na kuueneza.

Tofauti ya ndani ni ya kihandisi. Parthenon, hekalu la Athens lililojengwa 447 hadi 432 KK, ina nguzo 46 za nje, 8 kwa 17, na juu yake lenta za marumaru. Jiwe hustahimili kukandamizwa lakini hukatika likipindwa, kwa hiyo nguzo lazima zikaribiane na ukumbi mpana hauwezekani. Mawe yalishikanishwa bila chokaa, kwa vibano vya chuma vilivyozungushiwa madini ya risasi ili visipate kutu. Warekebishaji wa mwanzo wa karne ya 20 waliweka chuma bila risasi. Kikashika kutu, kikavimba, kikapasua marumaru, na wa baadaye wakalazimika kukitoa na kuweka titani.

Warumi walitatua tatizo la upana kwa tao na zege. Kipimo alichoandika Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga wa kuchimbwa, au 1 kwa 2 ukitumia wa mtoni. Na kwa ujenzi ndani ya maji, sehemu 2 za majivu ya volkano kwa 1 ya chokaa. Majivu hayo ndiyo siri, kwa kuwa hufanya mchanganyiko ugande hata chini ya bahari. Kuba ya Pantheon, hekalu la mjini Roma, iliyokamilika yapata 126 BK, ina upana wa mita 43. Unene wake unapungua kutoka kama mita 6 chini hadi mita 1.2 juu, na kokoto ni nzito chini, nyepesi za volkano karibu na tundu la kileleni. Haina nondo hata moja, na ndiyo maana hakuna cha kushika kutu. Hadi leo hakuna kuba ya zege isiyo na nondo inayoizidi upana.

Mahali ambapo kuchagua hakuwezekani

Kalenda ni mfano bora. Mwaka wa Warumi ulikuwa wa siku 355, na makuhani waliongeza mwezi wa ziada walipotaka, wakati mwingine kumrefushia rafiki muda wa madaraka. Julius Caesar alimtumia Sosigenes, mwanafalaki wa Alexandria, aliyeleta mwaka wa siku 365 na robo. Ili kurudisha misimu mahali pake, mwaka 46 KK ulifanywa kuwa na siku 445. Caesar alipouawa, makuhani walikosea hesabu wakaweka mwaka mrefu kila baada ya miaka mitatu badala ya minne, mpaka Augustus alipositisha siku hizo za ziada kwa muda. Kosa dogo lililobaki, dakika 11 kwa mwaka, lilikusanyika, na mwaka 1582 Papa Gregory XIII akafuta siku 10. Hesabu ilitoka kwa Mgiriki, na mamlaka ya kuilazimisha dunia ilitoka Roma. Kila upande peke yake usingefika popote.

Pwani yetu yenyewe imo katika mchanganyiko huo. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 BK unaotaja Azania na bandari ya Rhapta, pembe za ndovu, magamba ya kasa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, uliandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri iliyokuwa chini ya Roma.

Lugha na mpangilio wa kusoma

Kilatini ni mlango rahisi zaidi. Herufi unazo tayari, na anayejua Kifaransa atatambua sehemu kubwa ya msamiati. Nomino hubadilisha mwisho wake kwa kufuata kazi yake katika sentensi, na kivumishi hufuata. Mtu aliyezoea upatanisho wa ngeli hatishiki na hilo kama anavyotishika Mwingereza. Panga mwaka mmoja hadi miwili ya saa moja kila siku kabla ya kumsoma Caesar kwa utulivu, kisha Cicero. Wengi hukwama kwa sababu wanajifunza kitenzi umbo moja badala ya yote manne ya msingi, na ukurasa wa 60 unapofika hawatambui neno walilolisoma ukurasa wa 10.

Kigiriki kina herufi 24 za kujifunza kwa wiki moja, na vitenzi vyenye maumbo sita ya msingi vya kukuchukua miaka. Ukilenga Agano Jipya pekee, soma Kigiriki cha kawaida cha karne ya 1 na uanze na Injili ya Yohana, ambayo sentensi zake ni fupi. Ukilenga Plato, anza na Kigiriki cha Athens tangu siku ya kwanza. Anayekijua cha Athens hushuka hadi Injili kwa urahisi; anayepanda kutoka Injili kwenda kwa Plato hukutana na maumbo ambayo hakufundishwa, na wengi huachia hapo.

Usiyetaka lugha, soma tafsiri kwa mpangilio huu. Kwa siasa na sheria: kitabu cha 6 cha Polybius, kisha Institutiones za Justinian, na baada ya hapo kitabu cha kwanza cha Aristotle juu ya siasa. Kwa falsafa: utetezi wa Socrates ulioandikwa na Plato, halafu kitabu cha 7 cha Jamhuri yake. Kwa tamthilia: Sophocles kwanza, kisha Plautus, ambaye hadithi yake ya mapacha waliochanganywa Shakespeare aliitumia.

Chagua tafsiri iliyochapishwa na namba za pembeni: za Stephanus kwa Plato, zinazofuata chapa ya 1578, na za Bekker kwa Aristotle, za 1831. Mfano wa pango katika Jamhuri ya Plato uko 514a katika kila lugha, iwe tafsiri ya Kifaransa, ya Kiingereza au ya Kiarabu, na mtu wa Lubumbashi na wa Nairobi wanaweza kubishana juu ya mstari uleule bila kuwa na kitabu kimoja. Toleo lisilo na namba hizo, hata likiwa la bei nafuu, liache dukani.